Kivumbasi si cha waganga peke yao

Jumamosi nilimlipa kijana afyeke uwanja wetu hapa Mabatini, Mwanza. Niliporudi kutoka mwaloni Kirumba na sato wangu, uwanja ulikuwa mweupe, na kivumbasi changu cha miaka minne, kichaka cha majani ya kunukia, kimelala juu ya rundo la majani, mizizi nje. "Nilijua ni magugu, mama," akasema. Huyo simlaumu. Aliyeniuma ni jirani, aliyedakia kutoka ng'ambo ya ua: "Afadhali kimetoka. Majani ya waganga hayo."

Mmea uliotulea tumewaachiaje waganga? Bibi yangu kule Magu alitia matawi yake makavu ndani ya magunia ya choroko kuzuia fukusi. Mafua yakitubana, tulijifunika blanketi na chungu cha majani yale, tukatoka tunatiririka jasho na pua zimezibuka. Jioni tawi moja lilitupwa kwenye makaa, mbu wakatuachia nafasi ya kula. Wala hakuna aliyenuiza kitu! Harufu ile ya karafuu haitoki kuzimu: aina iitwayo kivumbasi kikubwa mara nyingi ina yujenoli, kiini kilekile kilichomo kwenye mafuta ya karafuu. Wenzetu wa Kakamega, Kenya, wanalima ndugu yake mwenye harufu ya kafuri, wanakamua mafuta, wanatengeneza dawa ya kuchua na kuiuza. Sisi tunang'oa na kuogopa.

Haya, nakubali: hakitibu malaria. Mtoto akichemka homa apelekwe akapimwe, na chandarua kibaki kitandani.

Lakini jikoni sirudi nyuma hata hatua moja. Chemsha sato kwa nyanya, kitunguu, chumvi na ndimu. Samaki akiiva, epua kwanza. Kisha chana majani matatu mabichi kwa vidole, yadondoshe, funika dakika tano. Ukiyatia mapema yanachemka mno motoni na mchuzi unakuwa mchungu. Nimeharibu sufuria kadhaa kabla ya kulijua hilo. Ukifunua, shombo hakuna, na mvuke unakupanda puani hadi machoni. Kwenye chai ya rangi, jani moja linatosha.

Jioni ile nilirudi kwenye rundo nikachuma mashuke yaliyokauka, nikayafikicha kiganjani mpaka mbegu zikatoka, ndogo, za kahawia. Ziko kwenye kopo juu ya kabati. Vuli ikianza nazimwaga kando ya ua, upande wa jirani.