Mavazi ya Filamu za Kihindi za Zamani Yana Wenyewe

Hivi karibuni nimeona tangazo la duka linalokodisha mavazi ya sherehe, na limeniudhi kuliko nilivyotarajia. Mteja anayetaka kuvaa kama mwigizaji wa filamu za Kihindi za zamani anapewa bugaluu, blauzi ya madoadoa, miwani mikubwa na wigi, vyote katika mfuko mmoja, kana kwamba miaka ya 1950, 1960 na 1970 ilikuwa usiku mmoja wa dansi. Watu wana haki ya kufurahi watakavyo. Ninachopinga ni kusahauliwa kwa watu waliozibuni nguo zile, kila moja kwa hadithi yake na kwa mhusika wake.

Mchukueni Bhanu Athaiya, mzaliwa wa Kolhapur, aliyesomea sanaa katika J.J. School of Art mjini Bombay kabla ya kushika kazi ya mavazi. Mwaka 1956 alivisha waigizaji wa filamu ya C.I.D., na mwaka uliofuata wa Pyaasa. Filamu hizo hazikuwa na rangi, na hapo ndipo ustadi wake unapoonekana, kwa sababu mbunifu asiye na nyekundu wala kijani hubaki na mng'ao wa kitambaa, uzito wake, upana wa pindo na namna nguo inavyopokea mwanga. Mtazameni Meena Kumari katika Sahib Bibi Aur Ghulam ya mwaka 1962, akiwa mke mpweke katika jumba la mabwanyenye wa Bengali. Sari na vito vyake vinatangaza utajiri wa nyumba ile, na mtazamaji anaona kwamba utajiri huo haumfai kitu.

Kisha rangi ikaja. Katika Waqt ya mwaka 1965 Athaiya alimvisha mwigizaji Sadhana kurta, yaani shati refu, iliyoubana mwili pamoja na churidar, suruali inayobana miguu, na mtindo huo ukaigwa na wasichana wengi wa India. Miaka mitatu baadaye, katika Brahmachari, Mumtaz alitakiwa kucheza kwa nguvu na Shammi Kapoor akiwa amevaa sari. Sari ya kawaida hukunjwa na kuchomekwa kiunoni, kwa hiyo ingefunguka kabla wimbo haujafika katikati. Athaiya akaishona sari ya rangi ya chungwa ikiwa imekwisha kukunjwa, ikamkaa mwilini kama gauni huku ikibaki na sura ya sari. Huo ni uhandisi wa cherehani, na wanawake wanaonunua leo sari zilizoshonwa tayari wana deni kwake.

Nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba si kila vazi la enzi hizo lilikuwa na hekima. Nguo nyingine ziliwekwa ili zimetemete tu, na nywele za Sadhana zilizokatwa usoni katika Love in Simla zilifuata mfano wa Audrey Hepburn, mwigizaji wa Hollywood. Hata hivyo, kuiga si jambo la aibu. Katika miji yetu ya pwani walikuwapo waliotoka sinema wakaenda moja kwa moja kwa fundi kumweleza mkato wa blauzi waliyoiona.

Dunia ilimtambua Athaiya kwa Gandhi, filamu iliyomfanya mwaka 1983 awe Mhindi wa kwanza kupata tuzo ya Oscar, aliyoipokea pamoja na John Mollo, mbunifu mwenzake wa mavazi ya filamu hiyo. Mwaka 2012 aliirudisha Marekani kwa waliomtunuku, kwa kuhofia kwamba haitatunzwa vizuri akishafariki. Alifariki mwaka 2020, na hofu yake bado inanisikitisha, kwa kuwa inaonyesha jinsi mtu aliyefanya kazi kubwa hivyo alivyokosa imani kwamba nyumbani kwake watamhifadhia kumbukumbu.

Wanaoweka nyimbo za filamu hizi kwenye intaneti huandika majina ya mwimbaji, mtunzi wa muziki na waigizaji. Nawaomba waongeze na jina la aliyebuni mavazi.