Nilivyobania maji katikati ya bahari

Sikieni, mie nimekulia mtaa ambao bomba likitoa maji saa nane za usiku nyumba nzima inaamka na madumu. Sasa mtu kama huyo ukampandisha meli ya utafiti Bahari ya Arabuni halafu umwambie "acha maji yamwagike tu", we unatafuta balaa.

Nilipopata nafasi ya kwenda kama mwanafunzi msaidizi nikampigia mama. Unaenda kupima nini? Naitrojeni inayopotea. "Kaipoteza nani?" Nikamwambia ni bakteria mama, kule upande wa Oman ukishuka kama mita 150 mpaka 1,000 hivi oksijeni karibu hakuna kabisa, basi wale wadudu wanapumua naitreti badala yake, ile mbolea yenye naitrojeni iliyoyeyuka majini, wanaigeuza gesi, gesi inarudi zake hewani na mimea ya baharini inakosa mbolea. Kimya kidogo. "Kwa hiyo miaka yote hiyo ya ada, unaenda kupima wadudu wanavyojamba." Sikuwa na cha kubisha maana ndo kazi yenyewe.

Kazi iko hivi: chupa 24 kubwa zimepangwa duara kwenye fremu ya chuma, zinateremshwa na waya zikiwa wazi, kila kina unafunga moja kwa kompyuta. Zikifika juu unawahi kuchota kwenye vichupa vidogo kabla hewa haijaingia, baadae unatia naitreti yenye naitrojeni nzito, ile ya uzito wa 15 badala ya 14 ya kawaida ili uitambue, uone kiasi gani kitatoka kama gesi. Na sharti la kuchota ni moja, mpira wa kutolea maji kwenye chupa kubwa uingie mpaka uguse kitako cha kichupa kwa ndani, maji yajae YAFURIKE mara tatu, ndo ufunge, kusibaki kiputo hata kimoja.

Kuelewa nilielewa. Mkono ndo ulokataa. Yafurike mara tatu, maji mazima haya? Tena ule mpira nikaona unanichelewesha, nikauchomoa, nikakiweka kichupa chini nikawa namimina kutoka juu kama muuza kahawa wa Jaws Corner, mkondo mrefu mwembamba, hata tone halianguki. Vichupa arobaini wallahi, najiona fundi. Vilivyobaki na kiputo shingoni nikaviacha hivyo hivyo.

Asubuhi wakapima. Kipimo cha kwenye fremu kimeandika oksijeni karibu sufuri, vichupa vyangu vinasoma kama maji yamechotwa Forodhani watoto wanapiga mbizi. Profesa, mama mpole sana yule, akanyanyua kimoja kwenye taa akakipindua, kiputo kikatembea taratiiibu kutoka mwanzo mpaka mwisho tukikiangalia sote. Akauliza kachota nani. Nikajikuta nafunga kamba za viatu, na nilikuwa nimevaa ndala.

Akanieleza bila kupandisha sauti, na hiyo ndo inauma zaidi: hewa ni naitrojeni asilimia 78, kwa hiyo kile kiputo tu kina naitrojeni nyingi kuliko watakayotoa wadudu wote humo ndani siku nzima, na oksijeni niliyowamiminia imewafanya waache kazi. Usiku mzima wa meli umeenda na maji. Ambayo sikuyamwaga.

Usiku wa pili nikaapa yatafurika. Nikafungulia kwa hasira, mpira ukachomoka, ukamwagia profesa kuanzia kichwani mpaka daftari. Akajifuta miwani akasema, haya, angalau leo yamefurika.

Usiku wa tatu kipimo cha kwenye fremu na vichupa vikakubaliana, viatu vimelowa chapachapa, na kila kichupa kikifurika roho inaniuma kama nimemwaga pishi la mchele. Baharia mmoja Muomani, mzee ambae bibi yake mzaliwa wa Pemba na Kiswahili chake cha huko huko, alikuwa kasimama pembeni na dele lake la kahawa anacheka peke yake. Nikamuomba kikombe. Akanyanyua dele juu kabisa, akasita, akaniangalia.

"Yakhe, hii nimimine tu, au nitie mpira?"