Pole ya nini?

Jumamosi iliyopita nilikuwa soko la Kenya, mtaa wa hapa kwetu Lubumbashi, nimeinama juu ya mafungu ya mboga ya lengalenga, nabishana na muuzaji kuhusu fungu lililokonda, mtu akanishika bega. Kugeuka, ni yaya mmoja, yaani mkubwa wangu, tuliyefanya naye kazi miaka 6, meza yake ikitazamana na yangu. Tukakumbatiana, tukaulizana habari za nyumbani, halafu tukafika penyewe.

"Mdogo, siku hizi uko wapi?"

"Niko kwangu, yaya. Ninaangaliaka batoto."

"Batoto bako?"

"Ba bantu. Saba."

Akanyamaza. Kisha akaishusha sauti, ile sauti ya kilioni, akanishika na mkono wa pili. "Pole, mdogo. Mungu atafungua."

Karibu nigeuke nione maiti iko wapi.

Najua neno lenyewe linaniponza. Kwa Kiswahili chetu unaangalia televisheni na unaangalia watoto, kitenzi kilekile. Basi watu wanadhani nakaa kwenye kiti nimeshika tama, watoto wanapita mbele yangu kama filamu. Karibuni mchana mmoja. Mmoja anang'ata, mmoja amejifunza wiki hii kufungua komeo la mlango, mmoja hataki kulala mpaka ashike sikio la mtu, na sikio lenyewe ni langu. Nalala ubavu kwenye mkeka, yeye kashika sikio, huku mguu wangu unamtikisa mwingine polepole kwenye kitenge. Nikikohoa, saba wanaamka. Siku ya kufunga hesabu za mwaka sikuwahi kubana pumzi namna hiyo.

Kwa upande mwingine namwelewa yule yaya. Huu ni mji wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali ya Kongo. Hapa kuacha kazi kuna jina, na jina lenyewe ni jeraha: départ volontaire, kuondoka kwa hiari. Mwaka 2003, kwa pesa za Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka "kwa hiari yao", baada ya miezi na miezi bila mshahara. Baba yangu alikuwa mmoja wao. Hiari! Kwa hiyo nilipoaga ofisini bila mtu kunifukuza, kaka yangu alicheka hadi akakaa chini: "Kumbe wewe njo umefanya départ volontaire ya kweli." Mama hakucheka. Wiki nzima hakuniuliza kitu.

Nilikuwa mhasibu kwenye ofisi ya kupitisha mizigo forodhani. Malori yakikwama Kasumbalesa, mpakani na Zambia, siku 4, mimi ndiye nilijua kila siku imekula dola ngapi. Kazi niliipenda, nisiwadanganye. Viatu vyangu vya kazi bado viko kwenye boksi na kila tarehe ya mshahara navikumbuka.

Kilichonitoa ni chupa ya dawa ya kikohozi.

Ilikuwa 2021, mwanangu ana mwaka na miezi 4. Alikohoa, akapona, chupa nikairudisha juu ya kabati ikiwa nusu. Baada ya wiki mbili naichukua, imebaki kidole kimoja. Mwingine asingeona. Mimi kazi yangu ilikuwa kuona stoki inayoshuka bila karatasi ya kutoka. Nikanunua nyingine, nikaiwekea alama ya biki nyuma ya lebo. Jioni ya pili dawa iko chini ya alama, na mtoto hakohoi. Hapo nikakumbuka nilivyokuwa najisifu ofisini: wangu hasumbui, analala vizuri, nikirudi nakuta ameshalala.

Nikamwita binti aliyekuwa anamwangalia. Hakukana hata kidogo. Alisema: "Mama, akilala njo ninaweza kufula."

Nilipiga kelele hadi jirani akachungulia juu ya ukuta. Usiku usingizi ukagoma, nikachukua karatasi nikapanga kazi za yule binti kama nilivyopanga malori. Kuchota maji kabla bomba halijakauka. Kufua. Kuwasha mbabula, jiko letu la mkaa. Kutwanga sombe, majani ya muhogo. Kufagia vumbi letu jekundu ambalo mchana linarudi. Na juu ya hayo yote, mtoto aliyejifunza juzi kutembea, na akitembea anaelekea kwenye mbabula. Mimi na mume wangu, Jumapili, watu wazima wawili, hatukufika saa ya chakula bila kugombana. Yule binti alikuwa na miaka 12.

Shule ya msingi ni ya lazima na ya bure. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2006, na Septemba 2019 tukaambiwa sasa ni kweli. Nilishangilia kama wote, nikasambaza na ujumbe kwenye simu. Kumbe anayefua nepi za mwanangu alitakiwa kuwa amekaa kwenye benchi na daftari. Mshahara wangu, ule wa kushangiliwa na ukoo mzima, mtoto wa kwanza kusoma, mwanamke wa ofisi, ulikuwa umesimama juu ya mgongo wa mtoto wa watu. Nami nilikuwa namlipa dola 25 kwa mwezi, tena nazituma kwa shangazi yake, na najiona ninasaidia.

Msiniambie ni ukatili wangu peke yangu. Piteni Katuba, piteni Bel-Air, piteni kwa wakubwa wenyewe kule penye kuta ndefu, mtamkuta binti huyohuyo na mtoto mgongoni. Kanuni ya kazi ya 2002 inampa mama wiki 14, na baada ya kuzaa si zaidi ya 8. Shule ya watoto wadogo inaanza miaka 3. Katikati hapo, toka wiki ya 8 hadi mwaka wa 3, mtoto anakaa wapi? Sheria imefikiria, msiseme haikufikiria: mama anayenyonyesha ana nusu saa mara mbili kwa siku. Asante sana. Nusu saa, kutoka mjini kwenda Katuba, ndiyo ile ya kungoja taksibusi ijae.

Dar es Salaam ukisema una yaya, wanaelewa umeajiri binti wa kulea. Hapa kwetu yaya ni ndugu yako mkubwa, wa kuheshimiwa. Nilikuwa nadhani ni maneno mawili yaliyofanana kwa bahati. Siku hizi sina hakika, maana katika nyumba nyingi za hapa ni msichana yuleyule: yaya wa mdogo wake leo, yaya wa mtoto wa tajiri kesho, na shule hakuna pande zote mbili.

Hata Union Minière, kampuni ya madini ya wakoloni iliyokuwepo kabla ya Gécamines, ambayo hakuna atakayeisingizia huruma, ilipoamua mwishoni mwa miaka ya 1920 kukalisha wafanyakazi na familia zao kambini, ilipima watoto uzito na kuwapa chakula. Iliwataka kesho wawe wachimbaji, sawa. Lakini ilijua kwamba mtoto halelewi na hewa.

Sasa pesa, maana najua ndiyo mnayoingoja. Watoto saba mara dola 30 kwa mwezi ni 210. Toa 70 ya unga, soya, karanga, samaki na mboga. Toa 25 ya makala, yaani mkaa, kwa sababu umeme mnaujua. Toa 15 ya sabuni na maji. Toa 50 ya mama anayenisaidia, mtu mzima mwenye wajukuu. Inabaki 50. Ofisini nilipata 380. Hesabu ndiyo hiyo, sikuificha hata kwa mume wangu, na bila mshahara wake nisingeandika makala hii.

Na bado kuna mama ananiambia dola 30 ni nyingi. Ananiambia hivyo akiwa na meshi, nywele za bandia, za dola 40 kichwani. Meshi hazing'ati mtu, najua.

Haya, nakubali, si wote. Kuna anayeuza maandazi barabarani, dola 30 kwake ni mtaji wote. Huyo kwangu hafiki, na binti wake wa miaka 10 ndiye anabaki na mdogo wake. Kwa hiyo sijabadilisha mji, nisijivunie. Na kuna nkambo, bibi na babu zetu, wanaolea wajukuu bila senti na wanalea vizuri kuliko mimi. Lakini nkambo wana magoti, na magoti yanachoka. Kuhusu akina baba wanaokuja kuchukua mtoto jua limeshazama na kuniuliza "alikusumbua?" nitaandika siku nyingine, nikiwa nimetulia.

Yule yaya wa sokoni nilimjibu "aksanti" nikachukua mboga zangu. Nyumbani jibu zuri likanijia, kama kawaida, nikiwa peke yangu na sufuria.

Yule binti nilimrudisha kwa shangazi yake, na nauli na kitenge kipya, nikajiona mwema. Mwaka jana nilipata nafasi ya kumsaidia mtu na masomo, nikampigia shangazi. Nikauliza binti yuko mwaka wa ngapi.

"Masomo gani, mama? Yuko Likasi. Anaangaliaka batoto."