Mkuu mwenza apewe rungu, si kiti tu

Chuo cha osteopathi, tiba ya kutumia mikono kwenye misuli na viungo, kinapotangaza kwamba kimepata mkuu mwenza, wasifu wake huwa nausoma baadaye. Kwanza natafuta kitu kimoja: ni jambo gani akisema hapana, linakuwa hapana. Mara nyingi sikioni. Utakuta tu "analeta uzoefu mkubwa", "atashirikiana kwa karibu na mkuu aliyepo", na picha ya wawili wakitabasamu. Basi.

Najua nitaambiwa mafahali wawili hawakai zizi moja. Lakini fani hii ilianza kufundishwa na wawili. Andrew Taylor Still alipofungua chuo cha kwanza mjini Kirksville, Missouri, mwaka 1892, alikuwa na William Smith, daktari Mskochi. Smith alishika anatomia, yaani somo la maumbile ya mwili, Still akashika tiba yenyewe. Kila mmoja alijua mpaka wake. Baadaye akaja John Martin Littlejohn, akataka fiziolojia, yaani somo la jinsi mwili unavyofanya kazi, ipewe uzito zaidi. Still hakukubali kuondoka kwenye anatomia. Littlejohn akaenda zake, akaanzisha chuo Chicago mwaka 1900, na kingine London mwaka 1917. Fani ilipata vyuo viwili, sawa, ila sidhani kama kuna bodi leo ingependa kukua kwa njia hiyo.

Sasa mpaka uchorwe wapi? Kwa maoni yangu, kwenye kliniki. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2010 unataja saa 4,200 za mafunzo kwa anayeanza bila taaluma ya afya, na kati ya hizo zisipungue 1,000 za kutibu wagonjwa chini ya usimamizi. Saa hizo ni ghali. Mhadhiri mmoja anaweza kufundisha ukumbi mzima mishipa ya fahamu, lakini mikono anayoweza kuisimamia ni ya wachache. Mwanafunzi anabonyeza kiuno cha mgonjwa, misuli inakaza, naye anazidi kubonyeza akidhani hajafika. Mkufunzi anaweka kiganja chake juu ya mkono ule, anaupunguza nguvu, wanasubiri pamoja mpaka misuli ilegee. Jambo hilo halifundishiki kwa slaidi. Na bajeti ikibana, ndilo la kwanza kupunguzwa, kwa sababu halionekani kwenye vipeperushi vya chuo.

Kwa hiyo mkuu mwenza atoke kliniki, na saa hizo ziwe zake: asizipunguze mtu bila saini yake. Mtu wa pili wa kutafuta wafadhili na kukata utepe hatuhitaji. Huyo tayari tunaye. Mshahara nao usiwe wa naibu, maana wafanyakazi wakishajua nani analipwa pungufu, wanajua pia nani wa kumpuuza. Wakitofautiana, iandikwe mapema nani anaamua.

Kwenye usaili ningeuliza swali moja. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho amemaliza ada, amefaulu mitihani yote ya maandishi, ila mikono yake bado haijakomaa. Mkuu mwenzako anataka ahitimu. Utafanyaje? Na mkuu aliyepo aulizwe swali hilohilo, siku hiyohiyo, mwenzake akiwa anamsikiliza.