Chaja Ikikataa, Usikimbilie Dukani

Taa nyekundu ya chaja ikianza kupepesa, uamuzi hutoka papo hapo: "Mama, betri hii imekufa, tununue ingine." Mimi nabisha. Mara nyingi chaja ndiyo inayokataa, na ina sababu zake.

Chukua mashine ya kupogoa fensi ya kayaba, ile ya volti 18. Ndani ya betri yake mna seli tano za lithiamu zilizoungwa kwa mfuatano, kila moja volti 3.6. Kayaba ni ngumu na ina miiba, kwa hiyo betri hutoka ikiwa moto kama chapati, kisha inasukumwa kwenye chaja saa hiyo hiyo. Joto likipita nyuzi 40 na kitu, chaja nyingi hugoma hadi betri ipoe. Iweke kivulini nusu saa. (Kivulini, si kwenye friji.)

Halafu tazama pini. Utomvu na vumbi la majani hugandamana pale. Pangusa kwa kitambaa kikavu, msasa uache kwa seremala. Jaribu soketi kwa simu yako. Na kama chaja ililetwa na ndugu kutoka Marekani, soma maandishi ya nyuma: iliyoandikwa volti 120 pekee haiwezi stima yetu ya 240.

Ninachopinga kwa nguvu zote ni kushtua betri. Kiangazi nyasi hazikui, mashine ya kuzikata inalala stoo miezi kadhaa betri ikiwa tupu, na seli zinashuka chini ya volti 2.5. Chaja inakataa. Fundi anachukua betri nyingine na nyaya mbili, anaisukumia stima kidogo, na kweli taa ya kijani inawaka! Mteja anashukuru, analipa. Lakini seli iliyoshuka hivyo kwa muda mrefu huenda imeharibika ndani, shaba yake ikayeyuka na kuacha njia ya shoti. Betri hiyo ndiyo utaiacha ikichaji usiku, watoto wamelala chumba cha pili.

Afadhali fundi wa Luthuli, ile barabara ya maduka ya elektroniki Nairobi, aifungue na kupima seli moja moja kwa mita. Nne zikisoma 3.8 na ya tano 1.5, hapo toa pesa ya betri mpya. Iliyovimba isifunguliwe kabisa, wala isitupwe na maganda ya viazi. Wapo wanaokusanya taka za kielektroniki hapa hapa mjini.