Mchango wa kubomoa kanisa la wamisionari: mimi niliyeko Toulouse sitoi

Meseji imefika tena kwenye grupu la watu wa Ruvuma tulioko nje. Kanisa la wamisionari limekuwa dogo, limechakaa, litabomolewa na kujengwa la kisasa. Chini yake kuna mchoro wa kompyuta: bati la bluu, madirisha ya alumini, dari ya jipsamu, minara miwili. Watu wakaanza kuandika "Amina" na kiasi wanachoahidi. Nilipouliza kwa nini la zamani libomolewe wakati eneo la misheni ni kubwa, nikajibiwa kwamba Ulaya imeniharibu. Basi ngoja nieleze Ulaya imenionyesha nini.

Kazi yangu huku Toulouse, kusini mwa Ufaransa, ni kuhudumia wazee majumbani, na njia yangu ya kurudi kutoka zamu ya asubuhi inapita Saint-Sernin, kanisa la mahujaji lililoanza kujengwa karibu mwaka 1080. Urefu wake ni mita 115 hivi. Watalii hupiga picha mnara wa pembe nane na kuondoka. Mimi hutazama kuta, kwa sababu zimejengwa kwa matofali ya kuchoma. Bonde la mto Garonne ni udongo, mawe yalitoka mbali na yalikuwa ghali, kwa hiyo mafundi waliyaweka pale tu palipohitaji nguvu au urembo: pembeni, kwenye nguzo, kuzunguka madirisha. Ujenzi ulianzia nyuma ya altare. Ukitembea kutoka huko kuelekea mlango wa magharibi, utaona mawe yanazidi kupungua na matofali kuongezeka. Aliyewahi kukaa kwenye kamati ya ujenzi ya parokia hahitaji kuelezwa sababu. Minara miwili iliyokusudiwa upande wa mbele haikumalizika hadi leo, na uso wa kanisa uko mtupu vile vile. Hakuna anayeona aibu.

Asili yake ni kaburi. Saturnin (ndiye Sernin wa jina la kanisa), askofu wa kwanza wa Toulouse, alikataa kutambikia miungu ya Warumi karibu mwaka 250, akafungwa kwa fahali akaburutwa mjini mpaka akafa. Mwanzoni mwa karne ya 5 masalia yake yakawekwa kwenye kanisa lililojengwa kwa ajili yake, watu wakaanza kuja kuomba. Baadaye wakaongezeka waliokuwa wanatembea kwenda kwa Mtume Yakobo, Santiago de Compostela huko Hispania, maana Toulouse ilikuwa njiani. Kanisa likawa dogo.

Ndiyo, najua mtakachosema: nao walilibomoa la kwanza! Kweli, waliliondoa. Ila tazameni waliliondoa ili wapate nini.

Tatizo lao lilikuwa watu kupita. Mapadre wa pale walikuwa wanaimba sala zao mara kadhaa kwa siku karibu na altare, na hapo hapo mahujaji wanataka kufika kwenye masalia. Jibu likawa kwenye ramani ya jengo. Ukumbi wa kati una njia mbili kila upande, jumla tano pamoja nao. Njia za pembeni hazikomei kwenye ukuta. Zinaendelea, zinazunguka mikono ya msalaba (jengo lina umbo la msalaba), zinapita nyuma ya altare na kurudi upande wa pili. Kando ya mzunguko huo kuna vikanisa vidogo tisa, vitano nyuma ya altare na vinne kwenye mikono ya msalaba, kila kimoja na altare yake. Hujaji anaingia, anashika njia ya pembeni, anasali kikanisa kimoja baada ya kingine, anatoka, na katikati Misa haijasimama.

Wakati wa kubusu msalaba Ijumaa Kuu, kwetu kuna njia moja tu ya katikati. Wanaokwenda mbele wanagongana na wanaorudi, watoto wanalia, mashemasi wanapiga kelele za kupanga foleni, kwaya inaimba wimbo ule ule mpaka sauti zinakauka. Huo mchoro wa bati la bluu nimeukagua kwa makini: njia ni ile ile moja, imerefushwa tu. Yaani tunabomoa kanisa ili tupate msongamano mrefu zaidi.

Juu nako walitumia akili. Dari ni ya matofali na mawe, tao refu kama pipa lililopasuliwa kwa urefu, na tao la namna hiyo husukuma kuta kwenda nje. Kwa hiyo juu ya njia za pembeni walijenga roshani zenye matao ya nusu, na hayo ndiyo yanayoukandamiza ukuta kutoka nje usifunguke. Gharama yake ni mwanga: ukuta wa kati hauna madirisha ya juu, nuru inaingia kupitia roshani, na ukumbi unabaki na kiza chepesi hata mchana wa Julai. Mimi ningependa mwanga zaidi. Lakini kwa jua la Toulouse miezi hiyo, ubaridi wa mle ndani hauna mfano.

Tarehe 24 Mei 1096 Papa Urban II aliitabaruku altare ya Saint-Sernin, wakati jengo bado halijaisha. Meza yenyewe ipo, ya marumaru, imechongwa na Bernard Gilduin ambaye aliandika jina lake ubavuni. Ukiinama utaona ukingoni Kristo ndani ya duara akishikwa na malaika wawili, miguu yao imekunjwa angani, mikunjo ya nguo inahesabika. Kazi ya kuta iliendelea chini ya usimamizi wa Raymond Gayrard, padre aliyejali pia maskini na wagonjwa, mpaka alipofariki mwaka 1118. Ghorofa za juu za mnara ni za karne ya 13, na ndiyo maana madirisha ya chini yana matao ya mviringo na ya juu yana vichwa vya pembetatu. Hawa wa karne ya 13 walipopewa mnara usioisha hawakusema mtindo umepitwa na wakati. Waliongeza juu yake.

Wala msidhani nawasifia Wafaransa kama malaika. Kuna makanisa matano makubwa ambayo wanahistoria huyaweka kundi moja kwa ramani hii: Santiago, Conques, Toulouse, Limoges na Tours. La Limoges na la Tours yalibomolewa baada ya Mapinduzi ya 1789. Saint-Sernin lenyewe liliponea, ila nyumba za watawa na ua wao wenye nguzo vilivunjwa. Halafu akaja mtaalamu, na hapo ndipo pananichekesha. Eugène Viollet-le-Duc, mmoja wa wasanifu majengo maarufu wa wakati wake, alianza ukarabati mwaka 1860. Aliamua kwamba sehemu ya juu, ile yenye vijidirisha chini ya paa, haikufanana na kanisa alilolifikiria yeye. Akaiondoa, akashusha mapaa ya pembeni. Mawe aliyotumia yakawa hafifu, maji yakaanza kuingia. Mwishoni mwa karne ya 20 ikabidi wasanifu wengine waifumue kazi yake na kurudisha sura ya awali. Walilipa mara mbili ili wawe na kile walichokuwa nacho tangu mwanzo. Mwaka 1998 UNESCO ikaliingiza kwenye Urithi wa Dunia pamoja na njia za Santiago.

Hapa lazima niwe mkweli kwa ndugu zangu wa nyumbani. Saint-Sernin liko kwenye orodha ya majengo ya kihistoria ya serikali tangu 1840, na tangu dini na dola vilipotenganishwa kwa sheria ya 1905, makanisa ya zamani ya namna hii ni mali ya mji. Paa likivuja, ni suala la bajeti, siyo la bahasha ya mavuno. Kwetu kila tofali limetoka mfukoni mwa mama anayeuza mahindi. Nayo Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja yale ya kabla ya 1863, na makanisa ya wamisionari wa bara karibu yote yamekuja baadaye. Misheni ya Peramiho yenyewe, huko kwetu Ruvuma, ilianza 1898, ikachomwa kwenye vita vya Maji Maji, ikajengwa upya. Hayo hayana wa kuyatetea isipokuwa sisi wenyewe.

Na kuna ambalo Toulouse hawawezi kulinunua. Jumapili mle ndani watu wamekaa mbalimbali, kila mtu na kiti chake. Misa ikiisha wanatawanyika. Kwetu Misa ikiisha ndipo shughuli inaanza: mnada wa mkungu wa ndizi, jogoo anayepandishwa bei mpaka anamshinda mwenyekiti wa walei, watoto juu ya miti. Mahujaji wa Namugongo, kwa Mashahidi wa Uganda, wanatembea kwa makundi kutoka Kenya na Tanzania kufika tarehe 3 Juni, wanaimba, wanalala mashuleni na parokiani. Hao ndio watu ambao mafundi wa 1080 walikuwa wanawajengea. Sisi watu tunao, tena wengi. Kanisa la bibi zetu, lenye milango ya mninga na ukuta wa upana wa mkono mzima, ndilo tunalotaka kulisukuma kwa mtambo wa kijiko.

Parokia niliyobatizwa walishafanya hivyo. Milango sijui ilikwenda wapi. Jipya lina vigae vinavyoteleza mvua ikinyesha, na saa sita mchana bati linawaka hadi mahubiri yanafupishwa, jambo ambalo wengine wanalihesabu kuwa baraka.

Kwa hiyo pendekezo langu kwenye grupu ni hili. Jengeni jipya upande wa shule, ambako kiwanja kipo, na mchoraji aweke njia tatu za kupita badala ya moja. La zamani libaki kwa Misa za siku za kazi, kuabudu na ndoa ndogo. Nitachangia msingi wa jipya. Nitachangia pia bati na mifereji ya la zamani, maana kinachoua kuta zile ni maji ya paa, siyo umri. Mweka hazina aniandikie mistari miwili tofauti kwenye daftari, na mstari wa kubomoa asiweke jina langu.