Nakaa Kuze

Mombasa mtu akikuuliza "Wakaa wapi?" hataki kujua umeketi kiti gani. Anauliza nyumba yako iko mtaa upi. Mimi miaka 9 nimekuwa nikijibu, "Nakaa Kuze," mtaa wetu wa Mji wa Kale, na hakuna aliyenibishia. Lakini ukinihesabia saa vizuri, Kuze nilikuwa nikilala tu. Kazini nilikuwa nakaa. Barazani nilikuwa nakaa sana. Ndani nilikuwa napita, kama mtu anayepita dukani kuchukua mkate.

Basi tarehe 6 Mei 2020, Jumatano, katikati ya Ramadhani, ikatangazwa kwamba Mji wa Kale unafungwa kwa ajili ya korona, sisi na Eastleigh kule Nairobi. Hakuna kuingia, hakuna kutoka. Siku 15 kwanza, kisha zikaongezwa hadi mwanzo wa Juni. Kafyu ya usiku tulikuwa tumeshaizoea tangu Machi, na kaunti yenyewe ilikuwa imefungwa tangu Aprili, pamoja na Kwale na Kilifi. Hii ya kufungiwa ndani ya mtaa ndiyo ilikuwa ngeni.

Nyumbani nilikuwa peke yangu. Mke wangu alikuwa amekwenda Malindi kujifungua kwa mamake, kama ilivyo ada kwa mtoto wa kwanza, na njia zikafungwa yeye akiwa huko. Kwa hiyo yeye yumo ndani ya arobaini, mimi nimo ndani ya karantini. Na ukilichimba neno, ni kitu kimoja: karantini ilianzia kwenye siku 40 ambazo vyombo vilizuiwa nje ya bandari ya Venice zama za tauni, watu wasishuke mpaka ijulikane kama ni wazima. Watu wa Pwani hatukuhitaji Venice kutufundisha hesabu hiyo. Mzazi ana arobaini yake, bibi harusi ana fungate yake, mjane ana eda yake ya miezi 4 na siku 10. Ila angalia ni nani hao wanaotawa. Ni nusu moja ya mji. Nusu ya pili, yangu mimi, huijua nyumba kwa kuuliza chakula kiko wapi.

Siku ninayoikumbuka haina tarehe kichwani. Nilikula daku, nikaswali chumbani, nikalala, nikaamka saa 3. Ofisi ilikuwa imetuambia tusiende, mshahara nusu. Bando la simu lilikuwa limekwisha na sikutaka kununua jingine, kwa sababu kila nikifungua simu ni hesabu za wagonjwa na sauti za watu wanaodai limau na tangawizi vimewaponya jamaa zao. Nikaiweka kifudifudi juu ya kabati.

Sikufanya jambo. Nasema kweli. Sikusoma, sikupanga kabati, sikujifunza kupika. Nilikaa kwenye kiti cha mkeka kando ya meza, na kwa kuwa nilikuwa nimefunga, hata kikombe cha chai cha kunishughulisha mkono hakikuwepo.

Vichochoro vyetu ni vyembamba, unaweza kumpa jirani wa ng'ambo chumvi kwa dirishani. Jua halitufikii mpaka lipande lipite paa la nyumba ya mbele. Miaka 9, nami sikujua linaingia chumbani mwangu saa ngapi. Ni saa 5 na kitu. Kipande cha mwanga kinatua sakafuni, karibu na mguu wa meza, kimechanwachanwa na mbao za dirisha. Kisha kinarudi kinyumenyume, kigae baada ya kigae, kuelekea dirisha kilikotokea. Kabla ya adhana ya adhuhuri kimekwisha kwenda zake. Nilikisindikiza chote. Vigae sita. Cha nne kina ufa ambao mke wangu alishaniambia mara nyingi nami nikimjibu, "Nitautazama."

Alasiri ukutani kukaanza sauti: kwaru, kwaru, kwaru. Mbuzi. Jirani anakuna nazi. Akasimama, kimya kidogo, akaanza tena, nikajua imekwisha ya kwanza sasa yuko kwenye ya pili. Saa hiyohiyo kila siku ya maisha yangu pale, mimi nilikuwa barazani na kikombe cha kahawa tungu, au mwezi wa Ramadhani bila kikombe, tukiamua mambo ya dunia: nani atashinda ubunge, meli gani imetia nanga, kwa nini timu fulani haina beki. Na nyuma yetu, hatua tano tu, mji mzima ulikuwa unakuna nazi. Nilichungulia nje. Barazani amelala paka, amejinyoosha urefu wote, kama aliyeachiwa urithi.

Wako waliosema baadaye kwamba karantini ilikuwa neema, Mungu ametupumzisha. Waliosema hivyo walikuwa na friji. Pale chini ya dirisha langu, kwenye kona, palikuwa na mkokoteni uliofungwa kwa mnyororo kwenye nguzo, na madumu ya manjano matupu juu yake. Mwenyewe ni hamali anayetuletea maji, anapanga chumba Kisauni. Siku mji ulipofungwa yeye alikuwa kwake, mkokoteni uko kwetu. Mikono nje, chombo ndani. Siku nzima nilipochoka kutazama sakafu nilitazama madumu yale, na sikuweza kujidanganya kwamba utulivu wangu na wake ni mamoja. Mimi nilikuwa nakaa. Yeye alikuwa amekalishwa.

Kwa hiyo sisemi kila mtu afungiwe ndani ili aone jua linavyotembea. Ninachokataa ni hii tabia yetu, tukiulizwa habari za miezi ile, tunajibu, "Ah, tulikaa tu." Hiyo "tu" ndiyo inayonikera. Mama zetu wamejibu hivyo umri wao wote, "nipo tu, nimeshinda nyumbani," na sisi tukaamini kwamba ndani hakukuwa na kitu.

Magharibi ilipokaribia nikasikia mlango wa chini ukigongwa, kisha jirani akiita kwa juu, "Mwanangu, teremka, usikae na njaa." Nilipofika kizingitini ameshaondoka, ametuacha mbalimbali kama tulivyoagizwa. Ameweka sahani imefunikwa kawa. Tambi za nazi, moto, iliki inanukia. Nikajua zile nazi mbili zilikuwa zinakwenda wapi.

Usiku mke wangu akapiga simu. Kwa nyuma mtoto analia kile kilio chembamba ambacho nilikuwa nimekijua kwa simu tu.

"Umeshindaje?"

"Nimekaa."

"Umekaa wapi?"

"Nyumbani. Kile kigae cha nne kina ufa."

Akanyamaza, nadhani alikuwa anacheka na kuziba mdomo asimshtue mtoto. Nikamweleza tambi.

"Na sahani umerudisha?"

"Nimerudisha."

"Na nini ndani?"

Nikakohoa. Kabatini hakukuwa na kitu kingine. "Tende."

"Ngapi?"

"Tatu."

"Tatu!" akasema, halafu nikamsikia akimwambia mamake pale chumbani, na mamake naye, kwa sauti ya mtu aliyepewa habari za msiba, akarudia: "Tatu?"